Picha Imekatika Pembeni: Kabla ya Kufungua Mgongo wa Televizyo

Katika nyumba nyingi za Mulongwe, Kalundu na Kavimvira televizyo ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa, ingali ikifanya kazi. Shida yake ya kila mara ni picha: imekatwa pembeni, imeacha weusi juu na chini, au watu wamekuwa wembamba kama fimbo. Hapo kijana wa nyumba huchukua turnevisi. Tunaomba turnevisi hiyo irudi kwanza mahali pake.

Ndani ya mgongo ule mna tubu ya kioo inayofanya kazi kwa umeme wa volti zaidi ya elfu 20, na ule wa ukutani ni 220 tu. Hata waya ukichomolewa, tubu inaweza kubaki na umeme huo. Mtoto akiingiza mkono hapo, anaweza kufa. Na mara nyingi ugonjwa wala haumo ndani.

Tuanze na dekoda. Siku hizi vituo vinatuma picha pana, kipimo cha 16 kwa 9, lakini kioo cha zamani ni 4 kwa 3. Picha pana ikibanwa iingie yote, sura zinakuwa ndefu. Ikijaza kioo chote bila kubanwa, pembe zinakatwa, na matokeo ya mpira yanapotea pamoja nazo. Ikiingia nzima kwa kipimo chake, weusi unabaki juu na chini. Haya yanachaguliwa kwa telekomande ya dekoda, si ya televizyo: ingieni kwenye « Paramètres », tafuteni mahali pa picha, chagueni 4:3, kisha « Letterbox ». Sisi tunapenda huo weusi, maana hakuna kinachopotea. Mjue pia kwamba televizyo hizi zilitengenezwa zifiche ukingo kidogo kila upande. Hiyo si hitilafu.

Ili kuhakikisha, ngojeni kitu cha mviringo kionekane kutoka mbele, kama saa, mkipime kwa rula ya mtoto wa shule. Upana na urefu vikilingana, picha iko sawa.

Ikiwa dekoda ni nzima lakini DVD inaleta picha inayopanda bila kusimama, au isiyo na rangi, angalieni menyu ya DVD. Ikiwa imewekwa NTSC, jaribuni PAL.

Sasa umeme wenyewe. Umeme wetu unatoka kwenye mabwawa ya Ruzizi, la kwanza tangu 1958, la pili tangu 1989, na nyumba zinazoutumia zimeongezeka sana. Volti zikishuka, televizyo nyingi za zamani hupunguza picha: inajikunja pande zote. Linganisheni saa moja ya jioni, wakati kila nyumba imewasha, na usiku wa manane. Picha ikijaa usiku na kupungua jioni, fundi wa televizyo hana la kutibu, mnahitaji stabilizateri. Someni karatasi ya nyuma: palipoandikwa 100–240 V, televizyo inavumilia, palipoandikwa 220–240 V pekee, itasumbuka.

Doa la kijani au la zambarau pembeni huletwa mara nyingi na bafle ya muziki iliyo karibu, kwa sababu ya sumaku yake. Isogezeni mbali, zimeni televizyo kwa kifungo chake chenyewe, si kwa telekomande, mngoje nusu saa. Ikiwashwa tena, nyingi hujisafisha zenyewe.

Ukibaki mstari mmoja tu mweupe katikati, zimeni mara moja. Hiyo ni kazi ya fundi. Fundi mzuri huweka kioo cha kujitazamia mbele ya televizyo, aone picha huku mikono ikiwa nyuma, na hageuzi kitu kabla ya kutia alama pale kilipokuwa. Kaeni karibu mtazame, watoto wakiwa nje.

Na ile iliyokufa kabisa isitupwe mtoni Mulongwe wala ufukweni. Kioo chake kina risasi, madini yenye sumu, na tubu ikigongwa inaweza kupasuka kwa nguvu na kurusha vipande. Watoto wanaotafuta shaba za kuuza ndio hufika pale wa kwanza. Mpeni fundi anayehitaji vipande vyake.