Mageuzi ya kamati za Bunge la Tanzania

Kamati za Bunge la Tanzania ni vikundi vya wabunge vinavyofanya sehemu kubwa ya kazi ya Bunge kabla jambo halijafika ukumbini Dodoma. Huchambua miswada, hupitia bajeti za wizara, hukagua miradi na huhoji watendaji wa Serikali. Msingi wake ni Ibara ya 96 ya Katiba ya mwaka 1977, inayoliruhusu Bunge kuunda kamati za namna mbalimbali. Mambo mengine, kama idadi na majukumu ya kamati, yamo katika Kanuni za Kudumu za Bunge. Kwa hiyo mageuzi mengi ya kamati yamefanyika kwa kubadili Kanuni, bila kugusa Katiba.

Kamati ni za aina mbili. Kamati za kudumu huendelea kuwapo katika uhai wote wa Bunge. Wajumbe wake huteuliwa na Spika kwa kipindi cha nusu ya uhai huo, kisha wao wenyewe humchagua mwenyekiti. Kamati teule huundwa kwa ajili ya suala moja na huvunjika suala hilo likiisha.

Kamati za hesabu

Kamati zinazojulikana zaidi kwa wananchi ni zile zinazofuatilia fedha za umma. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hukabidhi ripoti zake kwa Rais ifikapo mwisho wa Machi, kisha ripoti hizo huwasilishwa bungeni. Hapo hupelekwa kwa Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC) na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC). Kamati huwaita maafisa masuuli, yaani makatibu wakuu, wakurugenzi wa halmashauri na wengineo wanaowajibika kwa fedha za taasisi zao, wajibu hoja za ukaguzi moja baada ya nyingine. Sheria ya Kinga, Haki na Madaraka ya Bunge ya 1988 inaipa kamati uwezo wa kumwita shahidi na kudai nyaraka.

Kamati haimfukuzi mtu kazi wala haimfungi. Inatoa taarifa, Bunge linaijadili na kupitisha maazimio, na utekelezaji unabaki mikononi mwa Serikali. Nguvu yake halisi hutegemea taarifa hiyo kusomwa, kujadiliwa na kufuatiliwa.

Mageuzi ya 2007 na yaliyofuata

Chini ya Spika Samuel Sitta, aliyeingia na kaulimbiu ya kasi na viwango, Bunge lilipitisha Kanuni mpya mwaka 2007. Kanuni hizo zilitaka wenyeviti wa kamati za hesabu watoke upande wa upinzani. Sababu yake inaeleweka kirahisi: chama kinachounda Serikali kikiongoza pia ukaguzi wa Serikali, kinajikagua chenyewe. Zitto Kabwe akashika Kamati ya Hesabu za Mashirika ya Umma (POAC), Willibrod Slaa LAAC na John Cheyo PAC.

Novemba 2007 Bunge liliunda kamati teule ya wabunge watano, ikiongozwa na Harrison Mwakyembe, kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura kati ya TANESCO na kampuni ya Richmond. Taarifa yake ilisomwa Februari 2008. Tarehe 7 mwezi huo Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu pamoja na mawaziri wawili, na Rais Jakaya Kikwete akalivunja Baraza la Mawaziri. Kwa Watanzania wengi hiyo ndiyo siku neno "kamati" lilipoacha kuwa jina la kikao cha kuahirisha mambo.

Mageuzi hayakwenda upande mmoja tu. Februari 2011 wabunge wa Chadema walitoka ukumbini kupinga marekebisho ya Kanuni kuhusu tafsiri ya kambi ya upinzani, ambayo yaliamua nani anaweza kuongoza kamati hizo. Mwaka 2013 Spika Anne Makinda aliifuta POAC na kazi zake zikahamia PAC; katika kipindi hichohicho ikaanzishwa Kamati ya Bajeti. Mwaka 2016 mashirika ya umma yalipata tena kamati yake, safari hii ikiitwa Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma (PIC).

PAC iliyopanuliwa, chini ya Zitto, ndiyo iliyowasilisha taarifa ya akaunti ya Tegeta Escrow Novemba 2014. Baada ya maazimio ya Bunge, Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu na Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa. Waziri Sospeter Muhongo alijiuzulu Januari 2015. Maazimio hayo yaliwagusa pia wenyeviti wa kamati nyingine tatu za Bunge, waliotakiwa kuachia nafasi zao.

Baada ya uchaguzi wa 2020 wapinzani waliobaki bungeni walikuwa wachache mno. Uenyekiti wa PAC na LAAC ulikwenda kwa wabunge wa viti maalumu waliokuwa miongoni mwa 19 ambao Chadema ilikuwa imewavua uanachama Novemba 2020. Kanuni ilitimizwa kwa maandishi, lakini mjadala kama lengo lake lilitimizwa haukuisha.

Wananchi na kazi za kamati

Mjadala wa Escrow ulifuatiliwa na watu wengi kupitia televisheni. Januari 2016 Waziri Nape Nnauye alitangaza kuwa TBC inasitisha matangazo ya moja kwa moja ya Bunge, akitaja gharama ya shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Wapinzani walilalamika kwamba wananchi wananyimwa haki ya kuwaona wawakilishi wao kazini.

Mwananchi huweza pia kufika mbele ya kamati kutoa maoni kuhusu muswada au mkataba. Tatizo linalolalamikiwa ni muda. Juni 2023, mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai ulipopelekwa bungeni, wananchi walialikwa kutoa maoni siku chache tu kabla Bunge halijauridhia tarehe 10. Ufupi wa notisi hiyo ulikuwa miongoni mwa hoja zilizofikishwa Mahakama Kuu Mbeya, ambayo ilitupa shauri hilo Agosti mwaka huohuo.

Nchini Kenya, Ibara ya 118 ya Katiba ya 2010 inaelekeza kuwa vikao vya kamati viwe wazi kwa umma, na wananchi au vyombo vya habari wasizuiwe ila kwa sababu maalumu. Mkenya anayezuiwa mlangoni anaweza kuitaja Katiba. Tanzania suala hilo limeachwa kwenye Kanuni, ambazo Bunge huzirekebisha lenyewe, kama lilivyofanya tena mwaka 2020 na 2023.

Taarifa za kamati huandikwa kwa Kiswahili, na zile za LAAC hutaja halmashauri kwa majina pamoja na hoja zilizobaki bila majibu. Mwanafunzi anayetaka kujua fedha za wilaya yake zilitumikaje anaweza kuanzia hapo.