Habu ya USB Isiyolala: Umeme wa Sola Unakopotelea Kitui na Makueni

Katika vijiji vingi vya kaunti za Kitui na Makueni, ambako nyaya za umeme wa taifa hazijafika au zimepita juu bila kuingia nyumbani, umeme huhesabiwa kwa betri: kiasi kilichovunwa na paneli mchana ndicho kitakachotumika usiku, na kilichopotea hakirudi mpaka jua lichomoze tena. Miongoni mwa vifaa vinavyotegemea betri hizo katika maduka ya kuchajia simu, katika shule na katika nyumba za kawaida, kimo kisanduku kidogo kiitwacho habu ya USB, ambacho huchomekwa kwenye tundu moja la USB kisha kikatoa matundu manne au zaidi ili simu, taa na redio ziweze kutumia chanzo kimoja. Habu hiyo inaweza kuendelea kula umeme usiku kucha hata kama hakuna kilichochomekwa ndani yake, na kwa kuwa ulaji wake hauonekani kwa macho, lawama hubebeshwa betri, paneli au mawingu.

Ndani ya habu mna chipu, yaani kipande kidogo cha silikoni chenye saketi nyingi, ambacho kazi yake ni kupokea na kusambaza mawasiliano kati ya kompyuta na vifaa vilivyochomekwa. Miongoni mwa chipu zinazopatikana kwa wingi katika habu za bei nafuu ni GL850G ya kampuni ya Genesys Logic na FE1.1s ya Terminus Technology, na zote mbili huendeshwa na kristali inayotetema mara milioni 12 kwa sekunde. Chipu ikiwa kazini, mapigo hayo huzidishwa ndani yake hadi kufikia kasi ya mawasiliano ya USB, na hapo ndipo sehemu kubwa ya umeme wake inapoliwa. Ndiyo maana waandishi wa kanuni za USB 2.0, zilizotolewa mwaka 2000, waliweka sharti la usingizi: kompyuta inapokuwa macho hutuma alama ya muda kila milisekunde 1, na kwa mawasiliano ya kasi kubwa hutuma mara 8 katika kipindi hichohicho; alama hizo zikikatika kwa milisekunde 3, kifaa hutakiwa kuzima saketi zake nyingi na kuingia katika hali ya kusubiri. Katika hali hiyo, habu inayotegemea umeme wa kompyuta, pamoja na vyote vilivyochomekwa ndani yake, haipaswi kuvuta zaidi ya miliampia 2.5.

Tofauti kati ya habu iliyolala na iliyo macho huonekana vizuri inapowekwa katika hesabu ya nyumbani. Ichukuliwe habu inayovuta miliampia 60 kwa volti 5 bila kazi yoyote: ulaji wake ni wati 0.3, sawa na wati-saa 7.2 kwa siku nzima. Habu hiyohiyo ikilala kwa mujibu wa kanuni, ulaji wake kwa siku huwa wati-saa 0.3 tu. Betri ndogo ya asidi ya volti 12 na ampia-saa 7, ya aina inayopatikana katika maduka ya vifaa vya umeme kutoka Mwingi hadi Kibwezi, ina wati-saa 84, lakini mwenye kutaka idumu hapaswi kutumia zaidi ya nusu yake, yaani 42. Habu isiyolala humega basi zaidi ya sehemu moja ya sita ya akiba hiyo kila siku, kiasi kinachokaribia nusu ya umeme unaohitajika kuijaza betri ya simu ya kisasa yenye miliampia-saa 4,000, na hapo haujahesabiwa umeme unaopotea katika kushusha volti 12 ziwe 5.

Katika nyumba iliyounganishwa na gridi ya taifa, hasara hiyo haifiki yuniti 3 kwa mwaka, na hakuna anayeweza kuitambua katika bili. Viwango vya kimataifa vilitungwa kwa kutazama nyumba za namna hiyo: Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2008, ulitaka vifaa vingi vya nyumbani na ofisini visizidi wati 1 vikiwa katika hali ya kusubiri kuanzia mwaka 2010, kisha ukashusha kikomo hadi wati 0.5 kuanzia 2013 kwa vifaa visivyo na kioo cha kuonyesha habari. Kikomo hicho ni kikali kwa mtu wa Berlin, lakini wati 0.5 kwa saa 24 ni wati-saa 12, ambazo ni zaidi ya robo ya akiba ya ile betri ndogo ya Mutomo au Ikutha. Uzito wa kipimo unategemea chanzo cha umeme, na jambo hili husahauliwa kirahisi na wanaosoma maandishi ya kwenye boksi.

Hata pale ambapo sola ni kubwa, hesabu haiachi kuwa na maana. Katika soko la Kitonyoni, kaunti ya Makueni, mtambo wa sola wa takriban kilowati 13.5 ulijengwa mwaka 2012 chini ya mradi wa Energy for Development ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Southampton cha Uingereza, nao hugawia umeme maduka na taasisi za eneo hilo. Katika mtandao mdogo wa aina hiyo, kila kifaa kisicholala huvuta kutoka katika betri za wote. Aidha, tangu mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA imekuwa ikiuza nchini Kenya mitambo midogo ya sola inayolipiwa kidogokidogo kwa M-Pesa, na mwenye mtambo wa namna hiyo hulipa kiasi kilekile, umeme uwe umewasha taa au umepotelea katika habu. Msimu nao una neno lake: kati ya Juni na Agosti, milima ya Mbooni na Kilungu hufunikwa na ukungu na mawingu asubuhi nyingi, paneli zikavuna kidogo, na hasara iliyokuwa haionekani mwezi Februari ikaanza kuzima taa kabla ya usiku wa manane.

Kazi ya kutafuta tatizo huanza na kipimo, na hapa mafundi wengi hupotezwa na chombo chenyewe. Mita ndogo za USB zenye kioo, zinazochomekwa kati ya chaja na simu, nyingi huonyesha mkondo kwa hatua za ampia 0.01, yaani miliampia 10. Kwa hiyo habu inayovuta miliampia 4 huonyeshwa kuwa 0.00, na fundi akaamini kwamba haili kitu. Multimita hupima kwa undani zaidi, ila ikiunganishwa kwa mfululizo katika kipimo cha miliampia huongeza ukinzani katika njia ya umeme, volti zikashuka, na habu inayojaribu kuwaka ikazima na kuwaka tena bila kikomo, ukiachilia mbali fyuzi ya multimita inayoweza kukatika. Njia iliyo salama ni kukata waya wa volti 5 na kuweka hapo rezista ya omu 1, kisha kupima volti kati ya ncha zake mbili: kila milivolti 1 inayosomeka ni miliampia 1 inayopita.

Kipimo cha kwanza huchukuliwa habu ikiwa tupu. Ikiwa mkondo hushuka hadi miliampia chache kompyuta inapolala lakini hupanda kifaa fulani kinapochomekwa, basi chipu ni nzima na mkosaji ni mgeni, kwa sababu habu haiwezi kulala mpaka kila kilicho chini yake kiwe kimelala. Modemu ya intaneti au kipanya ambacho programu yake haikiruhusu kulala hutosha kuiweka habu macho mwaka mzima. Dawa yake imo katika mipangilio ya umeme ya kompyuta, ambako usingizi wa USB huruhusiwa au kukatazwa, na wala haihitaji chuma cha kulehemu.

Katika maduka ya kuchajia simu, hata hivyo, mara nyingi hakuna kompyuta. Habu huchomekwa moja kwa moja kwenye tundu la USB la kontrola ya sola. Mtu angetarajia kwamba, kwa kuwa hakuna anayetuma alama za muda, chipu italala yenyewe baada ya milisekunde 3. Lakini chipu haitazami kimya peke yake. Hutazama pia hali ya nyaya mbili za mawasiliano, ambazo wakati wa utulivu hutakiwa kuwa moja juu na nyingine chini. Chaja nyingi huunganisha nyaya hizo mbili pamoja ili simu itambue kwamba iko kwenye chaja, jambo ambalo kanuni za kuchaji za USB zenyewe zinaagiza, na matokeo yake nyaya zote mbili hupanda kwa pamoja, hali isiyo na maana katika lugha ya USB. Chipu ikikosa kuiona ile hali ya utulivu inayoitambua, inaweza kubaki macho ikimngoja msemaji ambaye hayupo. Fundi anaweza kulijaribu hili kwa kulinganisha waya wa kawaida wenye nyuzi nne na waya wa kuchajia tu wenye nyuzi mbili: kipimo kikibadilika sana, chanzo kimepatikana.

Ikiwa chipu imelala na bado mkondo uko juu, basi macho yahamie kwenye vipande vinavyoizunguka. Taa nyekundu inayoonyesha kwamba habu ina umeme, ikiwa imeunganishwa kwenye volti 5 kupitia rezista ya omu 1,000, huvuta karibu miliampia 3, nayo peke yake imekwisha kupita kikomo cha habu nzima. Regulata, yaani kipande kinachoshusha volti 5 ziwe 3.3, ni mlaji mwingine asiyeshukiwa: ile ya aina ya AMS1117, iliyojaa katika bodi za bei nafuu, hutumia takriban miliampia 5 kwa ajili yake yenyewe hata isipohudumia chochote. Kwa upande mwingine, upo ulaji usiopaswa kufukuzwa. Rezista ya omu 1,500 ambayo habu huitumia kujitambulisha kwa kompyuta, ikikutana na ile ya omu 15,000 iliyo upande wa kompyuta, hupitisha takriban miliampia 0.2 kutoka katika volti 3.3, na ulaji huo uliwekwa na kanuni zenyewe.

Habu zenye chaja ya pembeni zina kasoro nyingine, nayo ni kurudisha umeme nyuma. Baadhi ya watengenezaji huunganisha volti 5 za chaja moja kwa moja na zile za kompyuta bila kizuizi, hivyo kompyuta iliyozimwa ikaendelea kulishwa kupitia tundu la USB. Kompyuta iliyozimwa ambayo taa yake ndogo haizimiki mpaka habu ichomolewe ni dalili tosha. Joto la chini ya paa la mabati, linalosingiziwa mengi, huongeza uvujaji ndani ya chipu, lakini katika habu nzima uvujaji huo ni mdogo kuliko ulaji wa ile taa nyekundu.

Chipu yenyewe huhukumiwa mwisho, baada ya taa kung'olewa, regulata kukaguliwa na nyaya kujaribiwa. Ikithibitika kwamba imeharibika, kuibadilisha chipu yenye miguu 28 iliyobanana ni kazi isiyolipa kwa kifaa cha bei hiyo, na habu nyingine ndiyo nafuu. Mnunuzi wa mji wa Wote au wa Kitui asidanganywe na habu yenye swichi kwa kila tundu, kwani mara nyingi swichi hizo hukata umeme wa matundu tu na kuiacha chipu ikiendelea kula. Swichi inayofaa ni ile inayokaa kwenye waya kabla ya habu, ikazimwa duka linapofungwa.