Chapati ya Asubuhi Haingoji Sikukuu

Kwa miaka mingi, katika nyumba nyingi za Thika na Ruiru, chapati ilikuwa chakula cha Krismasi na cha wageni. Asubuhi nyingine zote zilikuwa za uji au viazi vitamu.

Chapati asili yake ni Bara Hindi. Vibarua zaidi ya 30,000 wa huko waliletwa kujenga reli kutoka Mombasa, tangu mwaka 1896 hadi 1901. Na mwaka 1913 tawi la reli hiyo likapita Ruiru, likafika Thika.

Lakini kuipika nyumbani si anasa. Hutakiwa unga wa ngano, chumvi, maji ya vuguvugu na mafuta kidogo. Jambo kubwa ni subira: donge likiisha kukandwa, lifunikwe nusu saa, lilainike na kusukumika vyema. Mwenye kuwahi kazini asubuhi aweza kuzipika jioni, azifunge katika kitambaa safi, na alfajiri azipashe moto wakati chai ikichemka. Tena mpishi wa nyumbani ajua kiasi cha mafuta alichotia.

Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi kwa chapati, mwenyeji aweza kupona hata mgeni asipokuja.