Mafua Yanayorudi Kila Msimu

Mtazame mtoto anavyofuta pua. Mwenye mzio hupandisha kiganja kutoka chini kwenda juu, maana pua inamwasha. Akifanya hivyo kwa miezi mingi, hujitokeza mstari mwembamba uliokatiza juu ya pua. Ukiuona mstari huo, na kuna chafya za mfululizo, macho yanayowasha na kamasi nyepesi kama maji bila homa, fikiria mzio kabla ya kununua dawa nyingine ya mafua.

Katika mzio, kinga ya mwili humshambulia asiye adui. Chavua, ule unga wa maua, haina madhara yoyote, lakini mwili huiona kama mvamizi na kumwaga histamini, kemikali inayovimbisha utando wa pua na kuleta mwasho.

Wengi hulaumu maua wanayoyaona. Mijakaranda ikichanua Nairobi na Arusha kati ya Septemba na Novemba, kila chafya huwa ni yake. Lakini ua lenye rangi huita wadudu. Chavua yake ni nzito na inanata, haiendi mbali na upepo. Msumbufu zaidi ni nyasi. Maua yake hatuyatambui, na chavua yake nyepesi hupeperuka mvua zikishastawisha majani. Baridi ikija tukafunga madirisha, huwa zamu ya utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huishi kwenye magodoro na mito, vikila magamba ya ngozi yetu.

Kwa hiyo tiba ya asili huanza kwa kumjua msumbufu na kumpunguza. Fua mashuka kila wiki kwa maji ya nyuzi joto 60, anika godoro juani, na futa vumbi kwa kitambaa kibichi badala ya kulitimua kwa ufagio. Nyasi zikifyekwa, mgonjwa akae mbali. Akitoka shambani, aoge na kubadili nguo kabla ya kulala. Moshi wa udi na wa dawa ya mbu ya kuchoma huzidisha mwasho.

Kisha osha pua. Chemsha maji yatokote kwa dakika 3, yaache yapoe, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja. Inama juu ya beseni, laza kichwa upande, mimina taratibu katika tundu la juu huku ukipumua kwa mdomo. Usitumie maji ya bomba yasiyochemshwa: yanaweza kuwa na amiba ambayo ikipitia puani hufika kwenye ubongo na kuua.

Nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke, huleta nafuu ya muda tu, na maji yake yamewaunguza watoto wengi. Asali hulainisha koo, lakini nyuki hukusanya zaidi chavua nzito ya maua, hivyo usiitegemee kuzuia mzio. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe kabisa.

Kifua kikibana, pumzi ikitoa sauti ya filimbi, au kikohozi kikimwamsha mgonjwa usiku, hiyo huenda ni pumu. Hapo usingoje msimu upite wala usijaribu mitishamba. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.