Fukusi: mtazame mkonga kwanza

Mahindi mapya yakianza kuingia masoko ya Kalemie, maswali ya wasomaji ni yale yale: wadudu weusi waliomo guniani ni sumu? Bukari yake inaharibu tumbo? Dawa ipi inawaua?

Fukusi aliyepikwa si sumu. Wala hazaliwi na mahindi yakikaa sana, hadithi ambayo nimechoka kuisikia. Anazaliwa na mama yake, na mama huyo ni fundi. Mbele ya kichwa ana mkonga mwembamba uliopinda. Taya zake ziko kwenye ncha kabisa ya mkonga, na papasi zenye kiwiko zimechomoza ubavuni mwake. Hutoboa punje, hugeuka, huingiza yai moja, kisha huziba tundu kwa ute unaoganda usionekane. Maabara hupaka punje rangi ya fuksini ndipo vizibo vigeuke vyekundu. Buu hula na kukua humo ndani, na baada ya wiki tano hivi mdudu kamili hutoboa njia akatoka. Ndiyo maana unafunga gunia safi, unafungua na kukuta wanatembea.

Ila ni fukusi yupi? Wa mahindi, *Sitophilus zeamais*, na wa mchele, *Sitophilus oryzae*, wanafanana kama mapacha: rangi ya kahawia iliyokolea, madoa manne mekundu mgongoni. Linnaeus alimpa wa mchele jina mwaka 1763, Motschulsky akamtaja wa mahindi mwaka 1855, na bado wataalamu waliendelea kuwachanganya hadi katikati ya karne ya 20. Ukubwa haufai kuwa kipimo, kwa sababu aliyelelewa ndani ya punje ndogo hutoka mdogo. Ukihesabu vishimo vilivyopangika katikati ya kifua, wa mahindi huwa na zaidi ya 20, wa mchele huwa na pungufu. Lakini hata hapo unaweza kubishana. Jibu liko tumboni. Dume hupasuliwa, nyama ikayeyushwa kwa potasi, ukabaki uume mgumu, nao hutazamwa kwa hadubini: wa mahindi una mifereji miwili upande wa juu, wa mchele ni laini. Jike ana kipande kigumu chenye umbo la Y. Ncha zake kwa wa mahindi zimechongoka, kwa wa mchele ni butu.

Mkulima anapata nini hapo? Fukusi wa mahindi huruka vizuri. Hutoka ghalani akayafuata mahindi yakiwa bado shambani, kwa hiyo kunyunyizia ghala peke yake kumechelewa.

Kwa fukusi wa viazi vitamu huhitaji kupasua mtu. *Cylas puncticollis* ni mweusi mwili mzima, *Cylas brunneus* ni mdogo na wa kahawia. Dume lina kipande cha mwisho cha papasi kirefu na kilichonyooka. Cha jike ni kifupi na mviringo.

Asiye na mkonga si fukusi. Mdudu wa maharage hana. Wale wekundu wa kwenye unga hawana pia. Fukusi hazaliani ndani ya unga laini, buu wake anahitaji punje au kipande kigumu cha muhogo. Dumuzi, aliyeivamia Tabora ng'ambo ya Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1980, ameficha kichwa chini ya kifua. Kisha anakuja muuza poda na chupa isiyo na karatasi, anakuambia inaua "wadudu wote". Muulize wepi, aonyeshe mkonga.

Cha kuogopa ni kuvu. Punje iliyotobolewa hupata unyevu, kuvu huota, na sumukuvu huharibu ini, kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya. Kausha mahindi sawasawa, chambua yaliyooza, funga kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Wadudu watamaliza oksijeni wafe.

Na vile vidonge vya kufukizia vinavyouzwa kimoja kimoja: vikipata unyevu hutoa gesi ya fosfini. Usiviweke katika nyumba ya kulala, hata chumba cha pili. Aliyeivuta akaumwa kichwa, akatapika au akabanwa kifua, atolewe nje na apelekwe hospitali upesi. Maziwa hayaiondoi.