"Haizunguki" na "Haiwaki": Maneno Mawili ya Karakana Yasiyopaswa Kuchanganywa

Mfasiri anayeletewa kitabu cha matengenezo ya magari hukutana mapema na sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba injini inakataa kuzungushwa na stata. Akifungua kamusi yake ya lugha mbili, kitenzi cha kwanza atakachokikuta yumkini ni "kugeuka", naye huandika "injini haigeuki". Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini itamshangaza fundi wa Mwananyamala au wa Tandika. Kugeuka ni kuelekea upande mwingine, au kuwa kitu kingine, na injini haifanyi hata mojawapo ya hayo. Mafundi wa Kinondoni na Temeke husema "haizunguki", na katika jambo hili hawana la kufundishwa na wafasiri.

Makala haya yanakusudia kuyaeleza maneno ya aina hiyo kwa kufuata hitilafu moja iliyo ya kawaida katika gereji za Dar es Salaam: injini iliyochakaa imetolewa, nyingine ya mtumba imefungwa mahali pake, na dereva azungushapo ufunguo injini hubaki kimya.

Taarifa ya hitilafu hiyo inapoandikwa ofisini, mara nyingi husomeka hivi: "gari haliwaki". Hapo ndipo matata yaanzapo. Kuwaka ni neno la moto. Lilihamia kwenye injini kwa sababu mafuta huungua ndani ya silinda, na kwa mantiki hiyo hiyo wazee wengi bado husema "kutia moto gari". (Yafaa waandishi wa taarifa wajihadhari na "gari limeshika moto", maana msomaji hatajua kama aite dereva au aite zimamoto.) Lakini kabla ya mafuta kuungua, hapana budi stata iizungushe injini kwanza. Basi gari lisilowaka laweza kuwa na ugonjwa wa namna mbili. Ama injini inazunguka lakini mafuta hayaungui, na hapo fundi atachunguza plagi, koili na njia ya mafuta. Ama injini haizunguki kabisa, na hapo plagi na mafuta havina hatia yoyote.

Tuseme gari ni la zahanati, na karani ameandika "haliwaki" bila kuongeza neno. Mnunuzi wa vipuri aweza kuleta plagi mpya na pampu ya mafuta, kumbe injini yenyewe imekwama. Zaidi ya hayo, injini za mtumba kwa kawaida huuzwa kwa makubaliano ya muda mfupi wa majaribio. Ikiwa imekwama kwa kutu, hasara ni ya muuzaji. Ikiwa ni waya uliosahauliwa wakati wa kufunga, hasara ni ya fundi. Neno lililoandikwa kwenye karatasi ndilo litakaloamua nani alipe.

Fundi mwangalifu huanza na taa. Huziwasha taa za mbele, kisha huzungusha ufunguo huku akizitazama. Taa zisipobadilika hata kidogo, umeme haufiki kwenye stata: huenda waya mwembamba unaoiamuru stata haukurudishwa, au, katika gari la gia za kujiendesha, swichi inayozuia stata isifanye kazi gia ikiwa imeingia haikuunganishwa. Taa zikififia sana, stata inapata umeme lakini haufui dafu. Hapo betri huwa dhaifu, au viungo vya nyaya vimelegea, au injini ni nzito kupita nguvu ya stata. Betri ya volti 12 iliyojaa hupimwa karibu volti 12.6 ikiwa imetulia.

Waya unaosahauliwa mara nyingi ni ule uunganishao injini na bodi ya gari, ambao mafundi huuita "ethi". Injini huegemea juu ya raba, na raba haipitishi umeme. Pasipo waya huo, umeme uliotoka betri hauna njia nzuri ya kurejea. "Ethi" ni neno la kukubaliwa: mafundi umeme wa majumbani nao wanalo, ijapokuwa kazi yake huko ni nyingine kidogo.

Yote hayo yakiwa sawa, fundi huacha umeme na kushika spana. Huiweka kwenye bolti ya puli ya mbele, mwishoni mwa fitokombo (neno la vitabuni, karakanani utasikia "krenki"), na kujaribu kuizungusha injini kwa mkono. Ikigoma, huzifungua plagi zote na kujaribu tena. Ikizunguka sasa na kurusha maji au oili kupitia matundu ya plagi, sababu imepatikana: kimiminika hakisindikiki kama hewa, hivyo pistoni ilizuiwa kupanda. Injini iliyosafirishwa baharini au iliyolazwa nje midomo yake ikiwa wazi huingia maji kwa urahisi. Ikigoma hata bila plagi, yawezekana ringi zimeshikwa na kutu, au bolti ndefu kuliko iliyostahili inagusa flaiwili, lile gurudumu zito ambalo stata huling'ata kwa meno yake.

Hali hii ya mwisho ndiyo watu wengi huiita "kunoki", nasi tunaona neno hili lahitaji uangalifu. Kwa Kiingereza, kitenzi lilikotoka hutaja mlio tu, ule wa kugongagonga utokao ndani ya injini. Mitaani limekwenda mbali zaidi: "injini imenoki" maana yake imeharibika kabisa, yenye mlio na isiyo na mlio. Mfasiri akiandika "inanoki" kwa kutaja mlio, msomaji atadhani injini imekufa, na ataishusha bure. Kwa mlio tunapendekeza "kugonga". Kwa injini isiyozunguka hata kwa spana, "kukwama" latosha, kwa kuwa halitangulizi hukumu: kilichokwama huweza kukwamuliwa. "Kunoki" na libaki mdomoni mwa wenyewe, wala lisiingie katika taarifa za serikali.

Limebaki neno la kazi yenyewe. "Kubadilishana injini" ni kosa, maana hudokeza magari mawili yaliyopeana. Iliyo sahihi ni "kubadilisha". "Kufunga injini" nako kuna maana mbili, kuunganisha vipande vyake na kuipachika garini, hivyo mkataba hauna budi kutamka "kufunga injini katika gari". Na kwa kuwa kadi ya gari hubeba namba ya injini pamoja na ya chasisi, mwandishi wa taarifa aandike "namba ya injini iliyotolewa" na "namba ya injini iliyofungwa". Maneno "ya zamani" na "mpya" hayafai hapa, kwani injini ya mtumba yaweza kuwa na umri mkubwa kuliko ile iliyotolewa.