Kisu kimenolewa juzi, mbona leo hakikati?

Ni kitu kinachoonekana karibu kila soko la mashariki, iwe Goma, Bukavu, Bunia ao Butembo. Mwuza nyama anapeleka kisu chake kwa kijana mwenye mashine ya diski inayozunguka. Cheche zinaruka, dakika mbili haziishi, kisu kinarudi kinang'aa kama kipya. Siku ile kinakata vizuri. Siku ya tatu kinaanza kusukuma nyama pahali pa kuikata. Wiki inayofuata mwenye kisu anarudi kwa kijana yule yule, anatoa tena franka. Kisu kinazidi kuwa chembamba mpaka kinatupwa, na watu wanasema: "Visu vya siku hizi ni bure kabisa."

Mara mingi kisu hakina kosa. Kimeharibiwa na joto.

Ili kuelewa, inafaa kurudi kwa mhunzi. Anapotengeneza kisu, anatia chuma kwenye makaa mpaka kinakuwa chekundu, joto la digrii 800 na kidogo zaidi. Wahunzi wamoja wanajaribu na sumaku: chuma kikifika kwenye joto lile, sumaku haikamate tena. Hapo anakizimisha kwa ghafla ndani ya mafuta, mara mingi mafuta machafu ya moteri. Chuma kinakuwa kigumu sana, lakini pia kinavunjika kama chupa. Kwa hiyo anakirudisha kwenye moto mdogo, karibu digrii 200, mpaka kinapata rangi ya majani makavu. Moto huo wa pili ndio unaokipa kisu uvumilivu: kinabaki kigumu, lakini hakivunjike.

Sasa mashine ya diski inafanya nini? Makali ya kisu ni membamba sana, hayana nafasi ya kugawanya joto. Diski ikigusa hapo sekunde chache tu, makali yanaweza kupita digrii 300. Mwenye jicho la kazi ataona rangi: kwanza njano, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Buluu ikionekana kwenye makali, ugumu uliotafutwa na mhunzi umeondoka, na chuma cha pale kimekuwa laini. Tena kijana anapitisha diski laini ya kung'arisha, rangi inatoka. Ulaini unabaki. Ndiyo maana kisu kinang'aa na hakikati.

Hii haisemi kwamba vijana wa mashine ni waongo. Wengi hawajaelezwa, na mteja mwenyewe anataka kazi ya haraka. Kijana mwenye ndoo ya maji pembeni, anayegusa kidogo, anachovya, anagusa tena, anaweza kufanya kazi nzuri. Mteja anaweza kuweka kidole kwenye bapa la kisu kinapotoka kwenye diski. Kikichoma kidole, basi kimechomeka na chenyewe.

Kisu kilichokwisha kupata buluu kinaweza kuponyeshwa. Sehemu iliyochomeka mara mingi ni milimeta moja ao mbili tu, na nyuma yake chuma bado ni kizima. Inaondolewa polepole kwenye jiwe lenye maji, bila mashine. Ni kazi ya jioni nzima, lakini ni rahisi kuliko kununua kisu kingine.

Kunoa kwenye jiwe hakuombi nguvu, kunaomba mkono usiobadilika. Jiwe la pande mbili, moja lenye kukwaruza na moja laini, linapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kwa kisu cha jikoni chenye upana wa sentimeta 3, mgongo uinuliwe karibu sentimeta 1 juu ya jiwe. Hapo ni kama digrii 20. Mgongo ukishuka sana, makali yanakuwa membamba na yanapinda kwenye mfupa. Ukipanda sana, kisu kinakuwa kama shoka. Mwenye kuanza anaweza kupaka makali wino ao masizi ya sufuria, apitishe kisu mara mbili, atazame: pahali wino umetoka ndipo jiwe linagusa.

Upande mmoja unanolewa mpaka kwenye upande wa pili kunatokea uzi mdogo wa chuma. Hauonekane vizuri, lakini kidole kinausikia kikivutwa kutoka mgongoni kwenda inje. (Kamwe kidole kisipitishwe kufuata urefu wa makali.) Wengi wanaacha kunoa mbele ya uzi huo kutokea, na hapo ndipo kazi inapotea: makali hayajakutana. Uzi ukitokea, kisu kinageuzwa, kisha upande laini wa jiwe, mwisho mkaba wa ngozi. Asiyekuwa na jiwe laini anaweza kutumia ile duara isiyo na rangi chini ya kikombe cha udongo wa kizungu. Inafanya kazi kuliko watu wanavyofikiri.

Panga ni jambo lingine. Panga za kiwanda zinaachwa laini kwa makusudi, ili zipige jiwe shambani bila kuvunjika. Ndiyo sababu tupa inazikamata, wakati kwenye kisu kigumu tupa inateleza tu. Kwa panga, tupa inatosha, na makali yawe manene, karibu digrii 30. Tupa isukumwe mbele, iinuliwe wakati wa kurudi, na iwe na kipini chake. Mkia wa tupa bila kipini umechoma viganja vingi. Na neno moja kwa wakulima wa Beni, Irumu na Mambasa, pahali ambapo panga limebeba kumbukumbu ya mauaji: panga lililonolewa lifungwe ndani ya kitambaa ao gunia njiani, sana sana jioni. Jirani asiyekutambua gizani hawezi kujua kwamba unatoka kwenye mihogo.

Wengi pia wanatengenezesha visu kutoka resori za gari, yale mapande yanayobeba uzito nyuma ya camion. Ni chuma kizuri, kina kaboni ya kutosha ili kukubali ule moto wa kwanza. Lakini resori iliyovunjika inaweza kuwa na nyufa zisizoonekana. Mhunzi anaining'iniza, anaigonga, na sauti iliyokufa inamwambia aiache. Chuma cha kujengea nyumba hakifai, hata kikipigwa vizuri: hakina kaboni ya kutosha, hakikamate makali. Na kipini kikibadilishwa kwa kuchoma mkia wa kisu ili uingie kwenye mti wa pera ao wa kahawa, bapa lifungwe kitambaa chenye maji. La sivyo joto linapanda na kuharibu kile kilichotafutwa.

Kuko visu vingine ambavyo havifai kunolewa hata kidogo. Ni vile vya mababu, vinavyokaa juu ya dari ao ndani ya sanduku. Kule Haut-Uele, Wamangbetu walikuwa na visu vilivyopinda kama mundu, ambavyo wakusanyaji wanaviita trumbash. Vilikuwa alama ya heshima mkononi mwa mwanaume, vingine vikiwa na kipini cha pembe ya ndovu. Georg Schweinfurth, msafiri Mjerumani aliyefika kwa mfalme Mbunza mwaka wa 1870, alishangazwa na kazi ya wahunzi wake. Kati ya 1909 na 1915, Herbert Lang na James Chapin walikusanya vitu vingi vya eneo hilo kwa ajili ya makumbusho ya New York, na vingine vya Kongo viko Tervuren, Ubelgiji.

Anayekuta kisu cha namna hiyo nyumbani anashawishika kukipeleka kwa kijana wa diski ili king'ae kabla ya kukiuza. Kwa dakika mbili alama za nyundo zinafutika, na ile rangi nyeusi ya miaka mingi pia, vitu ambavyo mjuzi anavitafuta kwanza. Kitambaa kikavu na tone la mafuta vinatosha. Kipini kikiwa cha pembe ya ndovu, kisivushwe mpaka: biashara ya kimataifa ya pembe imefungwa na mkataba wa CITES tangu 1990, na kisu kinaweza kukamatwa pamoja na mwenyewe.

Kabla wazee hawajaondoka, waulizwe nani alikifua, kwenye kijiji gani, na kilishikwa siku gani. Yaandikwe kwenye karatasi na kufungwa pamoja na kisu. Kwenye makumbusho ya Ulaya visu vingi vya Kongo vina namba, jina la mhunzi halipo.